Friza ya mama na kebo ya Fumba

Mama aliuza malai ya ukwaju. Jioni aliloweka ukwaju, akauchuja, akatia sukari na iliki kidogo, akamimina kwenye vikombe vya plastiki, kila kimoja na kijiti chake, kisha akavipanga ndani ya friza. Friza yenyewe ilikaa ukumbini kwetu Jang'ombe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima. Asubuhi watoto wa skuli walijaa mlangoni na sarafu mkononi. Fedha ile ndiyo iliyonunua madaftari yangu.

Usiku wa 21 Mei 2008, kiasi cha saa nne, umeme ulizimika Unguja nzima. Hakuna aliyeshtuka. Umeme kuzimika kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama mvua ya masika. Mama alisema neno moja tu, "Msifungue friza," tukalala.

Asubuhi bado. Adhuhuri bado. Siku ya pili redioni wakasema kuna hitilafu kubwa na mafundi wanaishughulikia. Siku ya tatu nilipoamka nilikuta maji mekundu yametambaa kutoka chini ya friza mpaka ukingoni mwa mkeka. Mama alikuwa amechuchumaa na kitambaa mkononi, hafuti, anaangalia tu. Kisha akafungua mlango wa mbele, akawaita watoto wa mtaa: "Njooni mnywe, leo bure." Wakanywa ukwaju wa uvuguvugu na vijiti vinaelea ndani ya vikombe. Wiki moja baadaye friza ilikuwa imegeuzwa ghala la mchele. Ilifaa sana, panya hawakuwa na pa kuingilia.

Umeme ulirudi 18 Juni. Wiki nne kamili.

Nilikuwa na miaka 17, na mpaka siku ile niliamini kuwa umeme wetu unatoka Mtoni, kwa sababu huko ndiko nilikoona minara na mitambo nyuma ya uzio. Ami yangu, aliyefanya kazi melini miaka mingi, ndiye aliyenitoa ujinga. Alichora kwenye mchanga kwa kidole: hapa Ras Kiromoni, upande wa Bara, hapa Fumba, kusini mwa kisiwa chetu, katikati mstari mmoja. Kebo ya kilovolti 132, imelazwa chini ya bahari mwaka 1980, uwezo wake megawati 45. Balbu zote za Unguja, pampu zote, kila friza na kila feni, vilining'inia kwenye mstari ule.

"Kwa hiyo ami, tumefungwa kwa kamba moja?"

"Moja tu, mwanangu. Na kamba yenyewe inakuzidi umri."

Kilichotokea usiku ule ni kwamba Bara nako umeme ulikatika kwa muda, na uliporejea ukaja kwa kishindo. Kebo haikustahimili. Watu wa Bara walikaa gizani kidogo wakasahau. Sisi tuliokuwa mwisho wa kamba tulibaki na mwezi mzima.

Giza lenyewe si kitu. Watu wazima walikuwa wamekulia kwenye koroboi, wakazifuta vumbi wakaendelea na maisha. Kilichotukaba koo ni maji. Pampu zinazovuta maji kupeleka mjini zinakwenda kwa umeme, na siku mbili tu baada ya umeme kuzimika, mifereji nayo ikakauka. Visima ambavyo nyumba nyingi zilikuwa zimevifunika kwa zege au kuvigeuza jalala vikafunguliwa upya. Nilijifunza kuteka maji kwa kamba, jambo ambalo bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini kwa namna nilivyokuwa nikilifanya vibaya. Gari za ng'ombe zikawa zinapita na madumu. Mji Mkongwe ukanguruma kwa majenereta ya mahoteli usiku kucha. Ukipita vichochoroni ulikuwa unavuta moshi wa dizeli badala ya harufu ya karafuu wanayoandikiwa watalii.

Kuna jambo jingine la mwezi ule ambalo watu hulisema kwa kucheka. Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alifanya utafiti juu ya giza lile la Zanzibar na akakuta kuwa miezi minane hadi kumi baadaye uzazi uliongezeka. Alikuta pia jambo lisilochekesha: watoto waliokuwa tumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo zaidi, kwa maana mapato ya wazazi yalikuwa yameanguka. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa Machi 2009. Hesabu fanyeni wenyewe.

Mimi leo ni fundi wa mafriji, nina karakana ndogo Dar es Salaam, na gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, nimeijua kwa kuingilia mlango wa nyuma, kupitia vitu inavyoviharibu. Ukitaka kujua umeme wa mtaa ukoje, usiulize ofisini. Nenda kwa fundi friji uhesabu kompresa zilizoungua pale kwake.

Kila mteja anayeleta friji humuuliza fundi swali lile lile: kwa nini umeme unakatika wakati mabwawa yamejaa? Nami huchukua friji gadi kutoka kwenye rafu na kumwonesha. Mnakijua kile kiboksi cha plagi chenye taa tatu. Kazi yake ni moja: volti ikishuka mno au ikipanda mno, kinaitenga friji na umeme. Hakiulizi kama wewe una nyama ndani. Hakijali jirani. Kinaokoa kompresa yake, basi. Na umeme ukitulia, hakifungui mara moja, kinasubiri dakika kadhaa.

Sasa jua kwamba kila mtambo wa kufua umeme, kila transfoma kubwa, kila laini ya kusafirisha umeme ina friji gadi yake, kubwa na ya gharama, lakini tabia ni ile ile.

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mchele wa mama. Mabwawa yanaweka maji, betri zinaweka kidogo, lakini kinachopita kwenye waya sekunde hii kimefuliwa sekunde hii hii. Mitambo yote ya gridi moja, ya maji na ya gesi, ya karibu na ya mbali, huenda kwa mdundo mmoja wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde. Waliowahi kuona maulidi ya homu wataelewa upesi: safu ya wanaume wamepiga magoti bega kwa bega, wanayumba pamoja, wanainuka pamoja. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayekwenda peke yake. Na ubaya wake ni huo huo. Mmoja akianguka ghafla, bega lake linamvuta wa pembeni.

Mtambo mkubwa ukitoka, iliyobaki inabeba mzigo wake. Mdundo unapungua. Gadi ya mtambo wa pili inaona mdundo si salama, inautoa mtambo wake. Mzigo unaongezeka kwa wa tatu. Laini iliyokuwa imebeba kiasi sasa inabebeshwa mara mbili, nayo inajitoa. Kila kifaa kimefanya kazi yake sawasawa, hakuna kilichokosea, na nchi nzima iko gizani. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Tulikuwa tukitafuta mtu wa kumlaumu, na mara nyingi yupo, lakini giza kubwa huwa linatengenezwa na vifaa elfu moja vinavyojiokoa vyenyewe kwa pamoja.

Wakenya wana kisa chao ambacho hakizeeki. Tarehe 7 Juni 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajitoa. Mitambo mingine ya kituo ikazidiwa, nayo ikajitoa, zikapotea zaidi ya megawati 180 kwa mpigo. Nchi nzima ikazimika kwa saa tatu na ushei. Tumbili mwenyewe hakufa, alikabidhiwa kwa shirika la wanyamapori. Watu walicheka, wakamchora vibonzo. Mimi nilipomaliza kucheka niliwaza: kituo kizima kilikuwa na uzio wa umeme wa kuzuia wanyama, na wenyewe walisema hivyo. Tumbili hakuishinda Kenya. Aligusa kidole cha mtu mmoja katika safu.

Msidhani ni mambo ya Afrika. Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana, Hispania na Ureno zilizimika karibu zote. Katika sekunde tano hivi Hispania ilipoteza takriban megawati 15,000, kiasi cha asilimia 60 ya umeme uliokuwa ukitumika dakika ile. Treni zikasimama katikati ya mashamba, watu wakanasa kwenye lifti, na mitaani watu wakakusanyika kuzunguka redio za betri kama sisi enzi za mechi za Taifa. Kulikuwa na jua kali, umeme wa jua umejaa kwenye waya, hakuna uhaba wa kitu chochote. Shida ilikuwa volti kupanda. Mitambo iliyopaswa kuivuta chini haikutosha, volti ikavuka mpaka, gadi moja ikajitoa, na kujitoa kwake kukaipandisha volti zaidi, ikajitoa nyingine. Wapo waliorukia kulaumu paneli za jua kabla hata taa hazijarudi. Mimi kama fundi niliposoma maelezo nilitikisa kichwa kwa kuijua: nusu ya friji zilizoungua karakanani kwangu zimeuawa na umeme mwingi, siyo umeme mdogo. Wateja hawaniamini nikiwaambia.

Na kitu kingine kuhusu rasi ile ya Hispania na Ureno: imeungana na Ulaya kwa nyaya chache zinazopita milima ya mpaka wa Ufaransa. Kwa macho ya umeme ni karibu kisiwa. Nilimwambia ami kwa simu, akasema, "Basi nao wana Fumba yao."

Hapa niseme jambo litakaloniletea maneno. Mgao si adui mkubwa kama tunavyodhani. Tunauchukia, na mimi nimeuchukia sana mwaka 2011 nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kazi na siwezi kujaza gesi kwa sababu umeme unakuja saa sita za usiku. Lakini mgao ni mtu kuamua kujikata kidole ili asife. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, mitambo ya gesi ikaganda, na waendeshaji wa gridi wakawa wanazima mtaa mmoja baada ya mwingine. Ilielezwa baadaye kuwa walikuwa wamebakiza dakika nne na sekunde 37 tu kabla gridi nzima haijaanguka, na ingeanguka, kuirudisha kungechukua wiki. Watu wengi walikufa kwa baridi katika nyumba zilizozimwa, na kwa hilo hakuna maneno ya kuwatosha ndugu zao. Bado waliobonyeza swichi zile waliiokoa Texas na giza la kama letu. Mgao unaupanga, unaweza kuugombania, unaweza kuuliza mbona mtaa wa wakubwa haukatwi. Gridi ikianguka hakuna wa kumuuliza.

Kuirudisha nako watu hawakuelewi. "Si wawashe tu?" Mtambo wa kufua umeme wenyewe unahitaji umeme ili uanze: pampu, vipoozeo, kompyuta, milango ya maji. Gridi ikifa yote, inabidi kutafuta kituo kinachoweza kuamka chenyewe, mara nyingi cha maji, kwa jenereta ndogo ya dizeli. Kile kinakiamsha cha pili. Wawili wanaoanisha mdundo, ndipo wanaunganishwa. Kisha wanapewa mtaa mmoja wauangazie, siyo mji.

Na mtaa uliokaa gizani saa sita hauamki kama ulivyolala. Hili kila fundi friji analijua. Siku ya kawaida friji za mtaani zinapokezana, hii inanguruma, ile imepumzika. Baada ya saa sita zote zina joto, zote zinataka kuanza dakika moja, na kompresa inapoanza hunyonya umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshachanganya. Ongeza pasi zilizosahauliwa zimewashwa, feni, pampu. Wakikurudishieni umeme nyote kwa pamoja, mnaiangusha gridi tena kwa kiu. Ndiyo maana mtaa wa pili unawaka nanyi bado, mkaanza kusema wenzenu wana ndugu ofisini. Zima friji, subiri, washa taa moja uone. Nimewaambia wateja hilo miaka yote. Anayenisikiliza ni mmoja, ajuza wa Temeke, na friji yake ina miaka 19.

Mwezi Machi 2024 tuliambiwa kuwa baadhi ya mitambo ya maji imezimwa kwa sababu mvua ni nyingi na umeme umezidi mahitaji. Tulifurahi, nani asiyefurahi. Bwawa la Julius Nyerere ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kufua, megawati 2,115 likikamilika. Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili, gridi ya taifa ikaanguka. Asubuhi kijiweni watu walikuwa wanauliza, umeme uliozidi umekwenda wapi? Lilikuwa swali zuri kuliko walivyodhani. Mchele ukijaa ghala na barabara ni moja, mvua ikikata daraja mnalala na njaa. Fedha na hotuba zetu hupenda bwawa, kwa sababu bwawa linapigwa picha. Laini ya pili ya kusafirishia umeme, njia ya akiba, transfoma ya ziada iliyokaa kituo cha kupoozea miaka kumi bila kazi, hivyo hakuna anayekata utepe mbele yake. Sasa tumeungana na Kenya kwa laini ya kilovolti 400 kutoka Singida mpaka Isinya, na Kenya imeungana na Ethiopia. Naliunga mkono jambo hilo: safu ndefu inambeba anayeyumba. Ila safu ikiwa ndefu, wa mwisho hamjui wa kwanza aliyemwangusha.

Nirudi nyumbani. Tarehe 10 Desemba 2009 kebo yetu ikaharibika tena. Safari hii haikuwa mwezi. Ilikuwa miezi mitatu, mpaka Machi 2010, katikati ya joto la kaskazi wakati hata kuta zinatoka jasho. Maulidi ya mwaka ule iliangukia mwishoni mwa Februari, tukaisoma kwa karabai na jenereta ya kuazima iliyokuwa inakohoa kila ikifika kiyamu. Mama alikuwa ameijaza tena friza malai siku mbili kabla ya kebo kuharibika. Hakulia wala hakulaumu. Januari akaiuza kwa bei ya kutupa kwa mtu wa Dar es Salaam. Nilisaidia kuipakia kwenye gari ya ng'ombe mpaka bandarini, kitambaa cha kufuma akakibakisha yeye. Friza ikapanda chombo kwenda kule kamba inakotokea. Mwaka haukwisha na mimi nikaifuata.

Mwaka 2013 Unguja ilipata kebo ya pili, megawati 100, kilomita 37 chini ya bahari, kwa fedha za msaada wa Marekani. Pemba walikuwa wameshapata yao kutoka Tanga mwaka 2010. Mtoni yaliwekwa majenereta ya dharura. Kamba zimeongezeka, na kisiwa nacho kimenenepa: mahoteli, maghorofa, viyoyozi kila dirisha. Mama anauza vitumbua siku hizi, anapika kwa mkaa. Kisima hakikufunikwa tena.

Ila siku ninayoikumbuka zaidi ni moja ya mwaka 2008, wiki ile umeme uliporudi. Tulikuwa tumekosa nusu ya mashindano ya Ulaya. Mechi chache tuliziona kwenye banda lenye jenereta, kwa kiingilio. Sasa banda lilikuwa na umeme halisi, wa kebo, na tarehe 25 Juni ilikuwa nusu fainali, Ujerumani na Uturuki. Jang'ombe nzima ilikuwa Uturuki. Tulijibana mpaka madirishani. Kipindi cha pili, mpira unachemka, picha ikakatika.

Sijapata kusikia kelele kama zile. Wiki nne za maji ya kisima zilitoka koo moja. Shirika likatukanwa, mafundi wakatukanwa, kebo ikatukanwa pamoja na walioilaza. Mtu akapiga teke benchi. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa katikati hakusema kitu, alinyoosha kidole juu tu, na mmoja mmoja tukainua vichwa. Balbu ilikuwa inawaka. Feni inazunguka. Kulikuwa na radi Vienna, tulikuja kusikia, umeme umeyumba kwenye kituo kilichokuwa kinarusha matangazo, na karibu dunia nzima ilikuwa inatazama kioo kitupu pamoja nasi.

Picha ilirudi, Uturuki ikafungwa 3–2 dakika ya mwisho. Wawili hawakuiona ile bao. Walikuwa wameshatoka nje na tochi kwenda kuangalia transfoma ya mtaa.